Pointi za Taka

Nimerudi Mathare, mtaa wetu wa mabanda hapa Nairobi, baada ya miaka 12 Doha, Qatar, na mtu wa kwanza kunipa kazi ni Kocha. Hakuniuliza habari za ughaibuni. Aliviangalia viatu vyangu, akaguna, akanikabidhi reki.

"Umechelewa. Wenzako wako mtaroni."

Kwa wasiojua, ligi ya watoto ya MYSA, chama cha michezo cha vijana kilichoanza hapa Mathare 1987, haihesabu magoli peke yake. Timu ikisafisha mtaa huongezewa pointi kwenye jedwali. Unaweza kushinda mechi zako na bado ukapitwa na timu uliyoifunga, kwa sababu wao walizoa taka na nyinyi mlilala. Nikiwa na miaka 13 niliichukia sheria hiyo kuliko kadi nyekundu. Mimi ndiye nilikuwa mfungaji. Mfungaji na gunia la taka wapi na wapi? Asubuhi moja nikajifanya naumwa tumbo, wenzangu watatu wakaniiga, na kombe tukalikosa. Kocha hakunigombeza. Mechi iliyofuata aliniweka benchi, nikakaa hapo hadi filimbi ya mwisho.

Yeye mwenyewe alikuwa winga wa kushoto, mwenye mbio za kutisha, mpaka goti lilipomkatalia. Mathare United ilipotwaa ubingwa wa ligi kuu 2008, sisi tulimiminika Juja Road tukiimba. Yeye alibaki uwanjani akikunja nyavu. Kula yake ni kuchomelea milango na madirisha; ukocha haumlipi hata shilingi. Milingoti ya goli ni kazi ya mkono wake, ameiunga kwa mabaki ya mabomba, na mmoja bado una rangi ya buluu ya geti la mtu.

Mto Mathare ulipofurika Aprili 2024, mimi nilikuwa nautazama kwenye simu. Dada yangu ndiye alinisimulia. Usiku ule Kocha alipita kando ya mto akipuliza filimbi, ileile ya mechi, iliyofungwa kwa kamba ya kiatu. Watu wazima walidhani ni walinzi wanafukuza mwizi. Watoto wa timu zake walitoka mbio kabla hata hawajaamka vizuri. Filimbi ile ukishaizoea, miguu inatangulia.

Mei matingatinga yakaja kubomoa nyumba za ukingoni. Alikuwa na timu tatu, leo anayo moja, na kuna vijana wanaopanda matatu mbili kuja kuchezea mtaa ambao hawaishi tena.

Tulizoa tope lililochanganyika na karatasi za nailoni, chupa, na kandambili moja ya mtoto ambayo Kocha aliisuuza akaianika juu ya jiwe. Nikaona hapo ndipo pa kumuuliza kuhusu pesa za jezi nilizotuma 2019 kwa mkono wa jamaa fulani.

"Zile jezi zilifika?"

"Mwaka ule mvua ilinyesha sana," akasema, akaendelea kuchota. Nikaelewa. Miaka yote hiyo hakumtaja mtu, wala hakuniomba tena.

Ili kuficha aibu nikaanza kujigamba. Nikamwambia Kombe la Dunia la 2022 nililifanyia kazi, nilikuwa mlinzi uwanjani kabisa. Ilibidi niseme na ukweli wake: kazi ilikuwa kuwatazama mashabiki, mgongo kwenye mchezo. Magoli niliyajua kwa kelele.

"Kumbe uliwekwa benchi tena," akasema.

Vijana walicheka mpaka mmoja akaangusha koleo.

Tulipomaliza alitoa daftari mfuko wa nyuma, lililoloa pembeni, akaanza kuandika majina, mmoja mmoja, kalamu akiilamba. Nilisogea nikasimama mwisho wa foleni, mikono imejaa matope, nikingoja zamu yangu. Akaninyanyulia macho.

"Wewe nenda ukanawe. Hii ni ya wasiozidi miaka 14."