Leza ya bastola: anza na kidole, rangi baadaye

Kila ninapomwambia mtu kwamba bastola ninayobeba ina leza, yaani kitaa kinachotupa nukta ya mwanga juu ya shabaha, swali la kwanza huwa lile lile: nyekundu au kijani? Nami humrudishia swali. Bastola ikiwa mkononi, gizani, moyo unakwenda mbio, ni kidole gani kitakachoiwasha hiyo leza? Kama huwezi kunijibu hapo hapo, rangi iweke kando kwanza. Leza unayopaswa kukumbuka kuiwasha ni uzito wa bure kiunoni.

Mimi nilifika kwenye leza kwa sababu ya macho. Nimevuka miaka hamsini, nasoma kwa miwani, na kilengeo cha mbele, pale mwisho wa mikono iliyonyooka, siku hizi nakiona kama doa la ukungu. Bastola yenyewe ni rivolva, ile ya silinda inayozunguka, ya risasi tano, mtutu wake inchi mbili hivi. Vilengeo vyake ni mfereji uliochongwa juu ya fremu na kijino kidogo mbele, na kati ya hivyo viwili pana nafasi fupi sana, kwa hiyo ukikosea kidogo tu kuvilinganisha, risasi inakwenda kando ya pale ulipokusudia. Leza inakuondolea kazi hiyo ya kulinganisha. Unaitazama shabaha kwa macho yote mawili na nukta iko pale pale juu yake. Kwa mtu mwenye macho kama yangu hilo ni jambo kubwa.

Sasa kidole. Leza za mpini, zinazokaa kwenye mpini wenyewe, kama zile za kampuni ya Crimson Trace, zina kitufe laini upande wa mbele wa mpini, chini ya kidole cha kati. Ukiishika bastola sawasawa, leza imewaka, ukilegeza, imezimika. Hakuna cha kukumbuka. Ndiyo niliyochagua kwa ajili ya rivolva, na ningeichagua tena leo. Kuna leza nyingine ambazo swichi yake ni kijiti kidogo cha kusukuma kwa kidole cha shahada au gumba. Zinafanya kazi vizuri, lakini zinataka mazoezi ya peke yake, na kidole cha shahada ndicho hicho hicho unachokifundisha kukaa mbali na triga mpaka dakika ya mwisho. Sipendi kukipa kazi ya pili.

Leza ya mpini ina kasoro ambayo dukani huioni. Tundu la mwanga liko juu kidogo, upande wa kulia wa fremu. Mtu wa mkono wa kulia akinyoosha kidole cha shahada kando ya fremu, kama anavyopaswa, kidole hicho huweza kuuziba mwanga. Inabidi kukishusha au kukipandisha kidogo. Mimi nakishusha kikalale chini, karibu na pete ya triga, na kimezoea. Lakini vidole vya watu havilingani, kwa hiyo usinunue kabla hujaishika mkononi, kidole kikiwa pale unapokiweka kila siku.

Mke wangu ni mashoto, na kwake gumba la kushoto ndilo lililoziba. Anabeba bastola ndogo ya slaidi, ile ambayo sehemu yake ya juu hurudi nyuma kila inapopigwa, akachagua leza inayofungwa chini ya mtutu, mbele ya pete ya triga, yenye kitufe kwenye mpini chini ya pete hiyo. Haijali mkono upi unaishika. Bastola za slaidi zina njia nyingine pia: leza inayoingia mahali pa fimbo ya springi inayoirudisha slaidi, chini ya mtutu, ndani kabisa. Kampuni ya LaserMax ilijulikana kwa aina hiyo. Uzuri wake ni kwamba umbo la bastola halibadiliki hata kidogo. Ubaya wake kwetu ni kwamba imeelekezwa kiwandani na huwezi kuirekebisha, na swichi yake iko kwenye kile kipini cha kufungulia bastola, juu ya triga. Rivolva haina springi ya slaidi, kwa hiyo njia hiyo kwangu haikuwapo.

Hapo ndipo ala, yaani mfuko wa kubebea bastola, inapoingia, na hapa naomba unisikilize kwa makini. Leza ya mbele ya triga inabadilisha umbo la bastola, na ala ya zamani haiifai tena. Kuna wanaoikata ala kwa kisu, wengine huilazimisha bastola iingie. Usifanye hivyo. Ala ya bastola ya kubeba chini ya nguo ina kazi moja inayozidi zote, kuifunika triga kabisa, pasiwe na nafasi ya kidole wala pindo la shati kuingia. Ala iliyopanuliwa au kukatwa haiaminiki tena kwa kazi hiyo. Ukichagua leza, chagua ala yake siku hiyo hiyo, iliyofinyangwa kwa bastola hiyo pamoja na leza hiyo. Na kama ala hiyo haitengenezwi, basi leza hiyo si yako, hata iwe nzuri namna gani. Mke wangu aliacha leza aliyoipenda zaidi kwa sababu hiyo tu.

Haya, rangi. Jicho la binadamu mchana linaona vizuri zaidi mwanga wa nanomita 555 hivi (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga, na ndio unaoamua rangi), ambao ni kijani chenye umanjano. Leza za kijani huwa na nanomita 520 hadi 532, nyekundu huwa 635 hadi 650. Nguvu yake kwa kawaida ina kikomo cha miliwati 5, rangi yoyote ile, lakini jicho halizipokei sawa: kwa nguvu ile ile, kijani ya 532 huonekana mara nne hivi ya nyekundu ya 635, na mara nane hivi ya nyekundu ya 650. Ona pia kwamba nyekundu zenyewe hazifanani. Ya 635 inang'aa karibu mara mbili ya ya 650, kwa hiyo ukinunua nyekundu, soma namba.

Juani kijani inaonekana mbali zaidi. Nyekundu kwenye jua kali hunipotea kabla hata shabaha haijawa mbali. Ndani ya nyumba, jioni na usiku, zote mbili zinatosha kabisa, na huko ndiko leza inakohitajika zaidi. Kijani za zamani zilikuwa na tabu yake: zilianza na mwanga usioonekana wa nanomita 808, zikaupitisha kwenye fuwele ukawa 1064, kisha fuwele ya pili ikaugeuza kuwa 532. Safari ndefu hivyo ilikula betri na kuyumba kwenye baridi. Kijani za sasa nyingi hutoa 520 moja kwa moja, na malalamiko yale yamepungua. Mimi ninayo nyekundu ya 635. Mwenye macho yasiyoiona nyekundu vizuri asihangaike, achukue kijani.

Kuielekeza leza, yaani kuirekebisha nukta ikutane na risasi, ni hesabu ndogo ambayo wengi wanairuka. Leza haikai ndani ya mtutu, inakaa chini yake au kando yake. Tuseme iko sentimita 3 chini, nawe umeifunga ili nukta na risasi vikutane kwenye mita 7. Kwenye mita 3.5 risasi itapiga sentimita 1.5 juu ya nukta. Kwenye mita 14 itapiga sentimita 3 chini ya nukta, na kwenye mita 21 itakuwa 6 chini, bila kuhesabu risasi inavyoshuka yenyewe. Kwa umbali wa chumba tofauti hizo ni ndogo, lakini uzijue. Leza ya mpini iko kando vilevile, kwa hiyo tofauti inakwenda kulia na kushoto pia.

Faida ninayoithamini kuliko zote haihusu usiku wala hatari. Ni mazoezi bila risasi. Bastola tupu, imekaguliwa mara mbili, risasi zote ziko chumba kingine, mbele kuna ukuta ambao ungeweza kuizuia risasi, na hakuna kioo wala televisheni ya kurudisha mwanga machoni. Washa leza, vuta triga taratibu, tazama nukta. Itakuambia papo hapo kama mkono umeshtuka, kama kidole kinasukuma pembeni, kama unakaza ngumi nzima badala ya kidole kimoja. Triga ya rivolva ni ndefu na nzito, kwa hiyo nukta inacheza sana mwanzoni. Hiyo ni kawaida. Hata mkono wa mtu mzoefu hutikisika, leza inauonyesha tu. Usiingoje nukta itulie kabisa, maana haitatulia.

Na vilengeo vya kawaida usiviache. Betri itakwisha, lenzi itachafuka, jua litaimeza nukta. Wapo wanaoitoa bastola halafu wakaanza kuisaka nukta ukutani, huku na huko, muda unakwenda. Kwenye uwanja wa shabaha nusu ya mazoezi yangu nayafanya leza ikiwa imezimwa, kidole cha kati kimelegezwa. Bastola iinuliwe mpaka usawa wa macho kama kawaida; nukta ikionekana, vizuri, isipoonekana, vilengeo viko pale pale.

Usimwelekezee mtu leza ya bastola kwa mchezo, wala ndege angani. Kwa ndege ni kosa la jinai katika nchi nyingi, na inamziba macho rubani. Kabla ya kununua soma sheria ya kwako, kwa sababu kibali cha kubeba bastola si lazima kiruhusu kila kinachofungwa juu yake.

Rivolva inachafua lenzi upesi, kwa masizi yanayotoka kwenye mwanya kati ya silinda na mtutu. Baada ya kila siku ya kupiga risasi naifuta kwa kijiti cha pamba, kikavu, na mafuta ya kusafishia bastola sileti karibu yake. Betri nazibadilisha kabla hazijafifia. Kwenye mpini wangu lazima nifungue skrubu ili kuzifikia, na mpini ukishafunguliwa huenda usirudi mahali pake kwa usawa ule ule, kwa hiyo betri mpya kwangu maana yake ni kurudi uwanjani, karatasi mita 7, na kuangalia kama nukta na tundu la risasi bado vinakutana.