Nilivyopunguza macho yanayonifuata nikinunua mtandaoni

Fungua duka kubwa la mtandaoni kwenye kompyuta, bonyeza F12, ingia sehemu iliyoandikwa "Network", na kwenye kisanduku cha kuchuja andika facebook.com/tr. Sasa tia bidhaa kikapuni. Kama duka limefunga pikseli ya Meta (kipande cha msimbo kinachoripoti kwa kampuni yenye Facebook), na mengi yamefunga, mstari mpya utachomoza papo hapo. Uguse. Utakuta ev=AddToCart, halafu dl yenye anwani nzima ya ukurasa uliopo, cd[value] yenye bei, na cd[currency]=TZS. Hujalipa, hujaandika hata jina, na tayari Facebook imeshapewa habari kwamba kivinjari hiki kimechagua kitanda cha mtoto cha bei fulani. Kazi yangu yote niliianzia kwenye mstari huo. Kila nilichobadilisha baadaye, nilirudi kuutazama kama bado upo.

Katika mauzo hayo mko wawili, wewe na mwenye duka. Mhusika wa tatu ni yule aliyekaribishwa na mwenye duka bila wewe kuulizwa: kampuni ya matangazo, kampuni ya takwimu, kitufe cha kushea, hata ramani. Kila mmoja anaweza kuacha kidakuzi chake, yaani kijifaili cha kukukumbuka, kwenye kivinjari chako, na kwa kuwa yumo pia kwenye duka la jirani na kwenye gazeti unalosoma asubuhi, anakutambua kila unakopita. Mchukulie kama mpiga debe mmoja aliyesimama stendi za Kange, Segera na Chalinze kwa wakati mmoja, daftari mkononi. Na simu nyingi za kwetu hushikwa na zaidi ya mtu mmoja. Mimba ambayo bado haijatajwa nyumbani inaweza kutangazwa na tangazo la kitanda kwa shangazi aliyeazima simu atazame kanga.

Nilianza na kivinjari kwa sababu ndicho chepesi. Safari huzuia vidakuzi vya wahusika wa tatu tangu Machi 2020. Firefox, kuanzia 2022, humwekea kila duka chupa yake ya vidakuzi ili wasichungulie vya wenzao. Google iliahidi kwa miaka kwamba Chrome nayo itaviondoa, ikageuza kauli Julai 2024. Tena Chrome ya kwenye simu ya Android haipokei viongezi, yaani programu ndogo za kupachika kwenye kivinjari. Basi Chrome niliiachia kazi nyingine, ununuzi nikauhamishia Firefox. Humo niliingia "Enhanced Tracking Protection" nikachagua "Strict", kisha nikaongeza uBlock Origin, kiongezi cha kuzuia matangazo na wafuatiliaji. Ndani ya uBlock Origin kuna orodha za vichujio. Nilishuka hadi kundi la faragha nikawasha ile inayosafisha anwani za viungo, ambayo kwa kawaida huja imezimwa. Faida yake unaiona ukibonyeza tangazo. Mwisho wa kiungo huja mkia kama huu:

?utm_source=ig&utm_medium=paid&fbclid= ikifuatiwa na herufi nyingi zisizosomeka

Utm hueleza tangazo lipi limekuleta. Fbclid ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa ni alama ya bonyezo lako wewe mwenyewe. Ukimtumia rafiki kiungo chenye mkia huo, unamtumia na alama yako. Hata bila kiongezi unaweza kuukata kwa mkono: futa kuanzia alama ya kuuliza hadi mwisho. Ukurasa ukikataa kufunguka, maana yake duka limeweka namba ya bidhaa humo humo, basi rudisha kipande hicho peke yake.

Tanga tunasifika kwa "waja leo, waondoka leo", na kidakuzi cha duka nacho nataka kiwe hivyo. Firefox ya Android ina mpangilio wa kufuta data ya kuvinjari wakati wa kutoka. Kosa ambalo wengi hulifanya ni kuuwasha, kisha kuifunga programu kwa kuitelezesha pembeni. Hapo hakuna kinachofutwa. Ufutaji hutokea ukigusa "Quit" ndani ya menyu, neno ambalo huonekana pale baada ya kuwasha mpangilio.

Ulinzi huu una bei yake. Ukilipa kwa kadi, ukurasa wa benki wa kuthibitisha kwa namba ya siri ya muda hufunguka ndani ya ukurasa wa duka ukitokea tovuti nyingine kabisa, na kwa kizuizi hiyo nayo ni mhusika wa tatu. Dalili yake ni duara linalozunguka bila kukoma, au kisanduku cheupe kitupu. Usibonyeze "lipa" mara ya pili, unaweza kukatwa mara mbili. Tazama kwanza kama ujumbe wa benki umeingia. Kama hakuna, gusa alama ya ngao kwenye upau wa anwani, zima ulinzi kwa duka hilo tu, lipa, kisha uuwashe tena.

Kuna mlango ambao watu huusahau. Ukigusa tangazo ndani ya Instagram au Facebook, duka halifunguki kwenye Firefox yako. Linafunguka kwenye kivinjari kilichomo tumboni mwa programu hiyo, na ulinzi wako wote unabaki nje. Gusa vitone vitatu pembeni, chagua kufungua kwenye kivinjari cha nje. Mimi siku hizi hata hicho sikifanyi. Nasoma jina la duka, nafunga, naenda Firefox kulitafuta mwenyewe.

Programu za maduka nilizifuta karibu zote. Punguzo la elfu mbili wanalokupa kwa kuipakua si sadaka. Ndani ya programu hakuna uBlock Origin, na kinachotumika badala ya kidakuzi ni kitambulisho cha matangazo cha simu, kimoja kwa programu zote. Kwenye Android kinafutika: Mipangilio, Google, "Ads", kisha "Delete advertising ID". Baada ya hapo programu zikikiomba zinapewa sifuri tupu. Kwenye iPhone, tangu toleo la 14.5 la 2021, programu lazima ikuombe ruhusa. Ukizima ruhusa ya kuomba, hazikipati kitambulisho hicho. Kwa zile chache nilizobakiza niliondoa ruhusa ya majina ya simu na ya mahali nilipo. Duka halihitaji setilaiti kujua kwamba mzigo unakuja Tanga, nimeshaandika.

Kwa hizo programu zilizobaki niliweka DNS binafsi, yaani daftari la anwani za mtandao ninalolichagua mwenyewe, nayo ipo kwenye Android kuanzia toleo la 9. Mipangilio, mtandao, "Private DNS", chagua kuandika jina la mtoaji, andika dns.adguard-dns.com. Usianze na https, wala usiweke mkwaju (/). Ukiweka, simu itakataa kuhifadhi au itakosa mtandao kabisa. Kuanzia hapo simu ikiuliza njia ya kwenda kwa wafuatiliaji wanaojulikana, inaambiwa hakuna njia. Bando nalo linapumua, maana hati na picha za matangazo hazishuki. Hitilafu moja utakutana nayo kwenye Wi-Fi ya hoteli inayotaka ujaze kwanza ukurasa wa kuingia: ukurasa hautokei. Zima DNS binafsi, ingia, washa tena.

VPN, yaani huduma inayopitisha mtandao wako kwenye kompyuta ya mbali, sikuitumia, na watu huniuliza sana. VPN huficha anwani ya IP (namba ya mtandao unaotumia), lakini kidakuzi kinabaki ndani ya kivinjari na jina lako linabaki kwenye fomu ya oda. Ni sawa na kuvaa barakoa huku umening'iniza kitambulisho shingoni. Pia TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ilitoa tangazo Oktoba 2023 kwamba wanaotumia VPN watoe taarifa, kwa hiyo ni mzigo mwingine juu ya faida ndogo.

Haya yote yalifuta ule mstari wa pikseli kwenye kompyuta yangu, na bado sikuridhika, kwa sababu duka lina njia ya pili isiyopita kwenye simu yako. Seva ya duka, yaani kompyuta inayoliendesha, huongea moja kwa moja na seva ya kampuni ya matangazo. Unapomaliza oda, duka linachukua namba yako ya simu au barua pepe, linaisaga kwa hesabu iitwayo SHA-256 ikawa mfululizo wa herufi na tarakimu, kisha linaipeleka. Kule nako namba za wateja wao zimesagwa vile vile. Zikifanana, umepatikana. Hakuna kizuizi cha kivinjari kinachoona mazungumzo hayo.

Watakwambia kwamba iliyosagwa haisomeki. Piga hesabu. Namba ya simu ya mkononi ya Tanzania huanza na 06 au 07, ikifuatwa na tarakimu nane. Zote zinazowezekana ni milioni 200. Kompyuta ya kawaida husaga mamilioni kwa sekunde, kwa hiyo orodha nzima ya namba za nchi hii inasagwa na kulinganishwa kabla chai haijapoa. Kwa mnunuzi wa Tanzania namba ya simu ndiyo kidakuzi kikubwa, na hiki hakifutiki kwa kugusa "Quit": umeisajili kwa alama za vidole, ina WhatsApp, ina pesa zako, na ukoo mzima unaijua.

Dawa niliyoiona inafaa ni laini ya pili ya ununuzi tu, nikaiweka kwenye kitochi, simu ndogo ya vitufe. Inasajiliwa kwa kitambulisho cha taifa (NIDA) kilekile, kwa hiyo haikufichi kwa mtandao wa simu wala kwa serikali, na si lengo. Lengo ni kwamba namba inayopewa maduka isiwepo Facebook, Instagram wala WhatsApp, ili ikisagwa isifanane na chochote kule. Hapo ndipo watu huharibu. Muuzaji akisema "njoo WhatsApp", wanaisajili WhatsApp kwa laini hiyohiyo, na WhatsApp ni ya Meta. Mjibu kwa meseji ya kawaida. Malipo nayo nafanya kwenye kitochi kwa *150*00# ya M-Pesa au kwa namba ya mtandao wako, naweka kiasi cha oda na makato yake tu. Itumie laini mara kwa mara hata kwa vocha ndogo. Ikikaa kimya muda mrefu mtandao huifunga, na baadaye anauziwa mtu mwingine, naye ataanza kupokea namba za siri za akaunti zako za maduka. Bonyeza *106# mara mojamoja uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" zikianza kumiminika kwenye kitochi, huenda zimetoka upande wa maduka, maana hao ndio uliowapa namba hiyo. Zipeleke 15040, namba ya kuripoti utapeli.

Barua pepe ina ujanja wa aina hiyo. Ukiwa na Gmail, andika jina lako, alama ya kujumlisha, jina la duka, kisha @gmail.com. Barua zitafika kwako, na tangazo geni likija kupitia anwani hiyo unajua nani ameigawa. Lakini fomu nyingine huikataa alama hiyo, na kampuni iliyo makini huikata kabla ya kusaga. Firefox Relay, huduma inayopokea barua na kukupelekea kwenye anwani yako halisi, hutoa anwani 5 za bure ambazo hazina jina lako ndani yake, nazo ni bora zaidi. Vilevile fomu ijaze mwisho, ukishaamua kununua. Zipo kurasa zinazosoma unachoandika kabla hujagusa "tuma".

Na usisahau wahusika wa tatu wenye miguu. Muuzaji wa Kariakoo akikwambia "nitumie skrinishoti ya malipo", ujumbe ule umebeba jina lako, muda na salio lililobaki. Mtumie namba ya muamala tu, kwa kuiandika. Mzigo ukipakiwa basi, jina na namba ya simu huandikwa kwa kalamu nene juu ya boksi, na husafiri hivyo wazi hadi Kange. Mwambie aandike jina moja na namba ya kitochi. Nikichukua mzigo mwenyewe stendi, sina haja ya kutoa anwani ya nyumba wala kumwelekeza bodaboda hadi mlangoni.

Kwa maduka yaliyokuwa na namba yangu ya zamani nilitumia sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023 na inasimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Inakupa haki ya kuuliza taarifa zako zinatumikaje na ya kukataa zisitumike kwa matangazo. Usiandike kwa hasira wala kwa kirefu. Niliandika hivi:

"Habari za kazi. Mimi ni mteja wenu kwa namba inayoishia na tarakimu hizi. Kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, naomba msitumie namba na barua pepe yangu kwa matangazo, mnijulishe mmezipeleka kwa kampuni zipi, na mfute nilizokwisha kuzitoa isipokuwa kumbukumbu za mauzo mnazotakiwa kuzitunza kisheria. Naomba jibu kwa maandishi. Asante."

Kifungu cha kumbukumbu za mauzo kimewekwa makusudi. Bila hicho watakujibu kwamba risiti haziwezi kufutwa, na barua yote itaishia hapo. Duka moja lilijibu limefuta. Jingine lilinitumia kuponi ya punguzo, kwenye namba ileile niliyoomba ifutwe, na barua ya pili kwao niliinakili kwa Tume.