Chupa ya dawa iliyopitwa na tarehe

Jumamosi iliyopita mtoto wa ndugu yangu alikuja nyumbani Likoni. Tukala wali wa nazi na samaki wa kupaka, kisha akatoa swali ambalo naona alikuwa amekuja nalo tangu mlangoni. "Ami, hii kazi yako ya mitambo ya balasti si ndiyo inakwisha? Mwalimu anasema meli zote zimeshafungwa mitambo. Sasa mimi nitamfungia nani?"

Yuko mwaka wa tatu, anasomea uinjinia wa meli. Balasti ni maji ambayo meli huyavuta tumboni ili itulie, na mitambo hiyo huua viumbe waliomo wasije wakahamia bahari nyingine. Nilimjibu haraka haraka kwa kuwa magharibi ilikuwa inaingia, lakini swali lake limenikaa rohoni wiki nzima. Nalijibu hapa kwa kirefu, na wenzake nao wasome.

Mwalimu wake hesabu yake ni sahihi. Mkataba wa maji ya balasti ulipitishwa London mwaka 2004 na Kenya ikauridhia 2008, mapema kuliko nchi nyingi. Ukaanza kutumika tarehe 8 Septemba 2017, na meli zilizokwisha kuundwa zikapewa hadi 8 Septemba 2024 ziwe zimetimiza kiwango: katika kila mita moja ya ujazo ya maji yanayomwagwa, viumbe hai wa ukubwa wa mikromita 50 na zaidi wasifike kumi. Kwa meli nyingi hilo maana yake ni kufunga mtambo. Ile miaka saba ilikuwa sikukuu kwa watengenezaji. Alfa Laval wa Sweden, Optimarin wa Norway, Techcross wa Korea Kusini, Erma First wa Ugiriki na wengine wengi waliuza, na kila meli iliyopanda chelezo ilishuka na mtambo mpya. Sikukuu hiyo imepita. Wapo watengenezaji waliojitoa sokoni kabisa, na waliobaki kwa sehemu kubwa wanategemea meli mpya zinazoundwa.

Lakini mtambo ukishafungwa ndiyo kwanza umezaliwa. Utaishi na meli hiyo miaka ishirini, utakula vipuri, utaugua, na mara nyingine utaugulia Kilindini.

Masika ya mwaka juzi niliitwa usiku kwenye meli iliyokuwa inapakua klinka, ile malighafi ya saruji. Bandari yetu inapokea mizigo mingi kuliko inayopeleka nje, kwa hiyo meli nyingi za shehena huja zimejaa na kuondoka na maji yetu tumboni. Kila tani inayotoka, meli inapanda juu, na lazima ivute maji ili itulie. Meli hii ilikuwa imegoma kuvuta. Mtambo wao ulikuwa wa aina inayopitisha umeme kwenye maji ya chumvi yakatoa klorini, na klorini ndiyo inayoua viumbe. Kengele inalia, mtambo unajizima, wanauwasha, unajizima tena. Mafundi waliotangulia walikuwa wamesema kipimo cha klorini kimekufa na kimeshaagizwa kipya ng'ambo.

Nilifungua kabati la kipimo. Ndani mna chupa mbili ndogo za dawa na mirija myembamba ya plastiki inayopeleka dawa tone kwa tone kwenye kichupa cha kioo. Maji yenye klorini yakikutana na dawa hiyo yanageuka waridi, kama sharubati iliyozidishwa maji, na jicho la mtambo linasoma ule uwaridi. Mle ndani maji yalikuwa meupe pee. Nikaipindua chupa nisome lebo kwa tochi: dawa ilikuwa imepitwa na tarehe miezi minne. Mtambo ulikuwa unatengeneza klorini vizuri, ila hauioni. Ukaongeza umeme mpaka mwisho, ukaogopa, ukajizima.

Dawa yenyewe bei yake haifiki mbuzi mmoja wa Idi. Mimi sikuwa nayo. Mombasa nzima niliyempigia simu hakuwa nayo. Ilikuja kwa ndege kutoka Dubai, siku mbili, na meli inayokodishwa kwa maelfu ya dola kwa siku ikakaa gatini inangoja chupa inayoenea kiganjani. Iliuma. Inaniuma hadi leo, kwa sababu fundi aliyekuja nayo kutoka huko alikuwa kijana wa rika la huyu mtoto wa ndugu yangu, na alichofanya ni kubadilisha chupa mbili, kusukuma hewa itoke kwenye mirija na kusaini karatasi.

Soko ninaloliona mimi liko hapo: dawa, vichujio, taa za urujuanimno za mitambo ile inayoua viumbe kwa mwanga, zenye saa zake za kuishi, vipimo vinavyotaka kurekebishwa, na sampuli. Tangu Juni 2022 kila mtambo mpya lazima upimwe maji yake unapokabidhiwa, na wakaguzi wa bandari duniani nao wana haki ya kuchukua sampuli. Halafu kuna tope. Masika Mto Mwache unamwaga udongo Port Reitz, na maji yanayofika kwenye magati yetu yanakuwa rangi ya chai ya maziwa. Kichujio kinajiosha kila baada ya dakika chache, na taa hazipenyezi mwanga kwenye maji ya namna hiyo. Mtambo uliopimwa kwenye maji safi ya Norway unahitaji mtu anayeyajua maji ya hapa.

Wanaodhani haya ni makaratasi tu ya wazungu wawaangalie kome wenye mistari kama ya punda milia. Walisafirishwa katika matangi ya balasti, wakaonekana eneo la Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini mwaka 1988, wakaziba mabomba ya miji na ya vituo vya umeme. Mpaka leo hawajatoka. Sisi tuna mikoko, tuna chaza, tuna watu wanaokula kwa ndoana.

Mitambo mingine, ya kuosha salfa katika moshi wa meli, nitaipitia kwa ufupi kwa sababu hapo sipendi kumshawishi kijana aweke maisha yake. Mwaka 2020 kiwango cha salfa katika mafuta ya meli kilishushwa kutoka asilimia 3.50 hadi 0.50. Mwenye meli akawa na njia mbili: kununua mafuta safi ya bei kubwa, au kufunga mtambo na kuendelea na mafuta mazito ya bei nafuu yenye salfa nyingi. Faida yote ya mtambo iko katika tofauti ya bei ya mafuta hayo mawili. Januari 2020 ilikuwa karibu dola 300 kwa tani, walionunua wakashangilia; haikupita nusu mwaka ikashuka chini ya 100. Tena ile aina inayomwaga maji machafu baharini inazidi kufungiwa milango: Singapore tangu 2020, Denmark na Sweden tangu Julai 2025. Meli kubwa zitaendelea kuinunua. Ni biashara ya mwenye fedha za kungojea.

Kuhusu kaboni, Ulaya ndiyo inayoendesha soko kwa sasa. Meli kubwa zinazotia nanga huko zinalipia asilimia 40 ya hewa chafu ya 2024, 70 ya 2025, na yote kuanzia ya 2026. Kuanzia 2030 meli za makontena na za abiria zikiwa gatini katika bandari kubwa za huko zitatakiwa kuchomeka umeme wa nchi kavu. Mpango wa dunia nzima wa kupunguza kaboni ya meli ulifika mezani kwa IMO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa baharini, mwezi Oktoba 2025, nchi zikapiga kura kuuahirisha mwaka mmoja, 57 kwa 49. Niliposoma habari ile nilisononeka, maana mwenye meli akiona sheria inayumba hanunui kitu.

Kwa hiyo, mwanangu, maliza shule. Jifunze umeme wa mitambo hii na kemia ya maji, uzito sawa. Wengi wanaojua spana hawajui kemia. Hapo chuo kikuu cha JKUAT kuna kituo cha teknolojia ya bahari cha Afrika, hapa hapa Mombasa, kawagongee mlango.

Na Jumamosi ijayo njoo mapema, na viatu vya kazi. Katoni ya kwanza ya dawa nimeshaiagiza mwenyewe, dozi kumi na mbili. Nataka tupange chupa kwa tarehe zake, zinazowahi kuisha mbele, kabla masika hayajaingia.