Mama, angalia chini

Mama yule aliponirudia mara ya tatu, hakungoja nimkaribishe kiti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo dawa yako hainisaidii. Nikiamka asubuhi macho yanawasha mpaka natamani niyang'oe."

Alikuwa anachoma maandazi, kutwa yuko kwenye moshi na unga, basi mimi nilishaamua: mzio. Kadi yake ilikuwa na mwandiko wangu mara mbili, matone yale yale.

Nikamweka kwenye taa ya kupimia, kidevu kwenye kibao, nikamwambia atazame sikio langu. Wekundu kidogo, basi. Nikashika kalamu niandike yale yale.

Mzee wetu wa kliniki, mtu wa maneno machache, alikuwa nyuma yangu akingoja zamu ya mashine. "Mwambie aangalie chini," akasema.

Mama akaangalia chini. Kope ya juu ikashuka, mashina ya nywele yote yakaja mbele ya mwanga. Kila unywele ulikuwa umevaa kola ya ukoko kama nta, imeuzunguka shinani. Tongotongo hunata popote. Hizi zilikaa shinani tu, unywele kwa unywele. Na mimi miaka miwili nzima nawapima watu wakiwa wamenikodolea macho!

Mzee akang'oa nywele mbili kwa kibano, akazitia tone la mafuta kwenye kigae cha kioo, tukahamia kwenye hadubini. Demodex: kidudu chembamba, theluthi ya milimita hivi, miguu minane mifupi imebanana upande wa kichwa, inajongea taratibu. Nikamwambia mama ni aina ya utitiri.

"Utitiri? Mimi sifugi hata kuku!"

Ikabidi nimweleze kwamba hawa si wa kuku, ni wa ngozi ya binadamu, wengi wetu tunao, na umri ukienda huongezeka. Tatizo ni wakizidi. Kudhaniwa mchafu kulimuuma kuliko muwasho. "Watu watasema sinawi."

Tulimpa kitambaa cha maji ya moto na dawa ya kusafishia kope yenye mafuta ya mti wa chai yaliyozimuliwa, maana yakiwa makali huunguza jicho. Asubuhi na jioni, wiki 6, ili na watakaoanguliwa wakutwe.

Alirudi na maandazi kwenye gazeti. Akaketi, akaweka kidevu kwenye kibao, akaangalia chini kabla sijafungua mdomo. Zilibaki kola tatu, jicho la kushoto.