Kabla hujamshuku binti anayewaacha wenzake mbioni

Michezo ya shule ikifika hapa Malindi, binti akiwaacha wenzake mbali hazikosi sauti pembeni mwa uwanja: "Yule si mwanamke." Walimu wenzangu, jambo hili halipimwi kwa macho. Sauti nzito na kifua bapa si ushahidi.

Tangu Septemba 2025, Shirikisho la Riadha Duniani linamtaka mwanamke anayeingia mashindano yake makubwa apimwe mara moja maishani. Kijiti cha pamba kinasuguliwa ndani ya shavu, au inatolewa damu, kisha maabara inatafuta jeni ya SRY, ile inayoanzisha korodani mtoto akiwa tumboni. Isipoonekana, yamekwisha. Ikionekana, uchunguzi ndio kwanza unaanza, na hapo ndipo wengi hukosea kwa kuhukumu mapema. Wapo wanawake wenye jeni hiyo na testosteroni (homoni ya kiume) tele, lakini miili yao haiitikii homoni hiyo hata kidogo, kwa hiyo haiwajengi misuli. Kwenye Olimpiki ya Atlanta 1996 walipimwa wanawake 3,387. Wanane walikutwa na SRY, na saba kati yao miili yao haikuitikia homoni, kabisa au kwa kiasi. Wote wanane waliruhusiwa kushindana.

Wapo pia ambao testosteroni yao iko kwenye kiwango cha wanaume, na mwili unaitumia. Wanawake wengi hawafiki nanomoli 2 kwa lita ya damu. Wanaume huanzia kama 7.7. Hapa manung'uniko ya wanaoshindwa yana uzito, nami siyapuuzi. Lakini Margaret Wambui wetu, aliyepata shaba ya mita 800 Rio 2016, alifungiwa mbio zake na kanuni za shirikisho hilo za 2019 bila kosa lolote: ama ateremshe homoni kwa dawa hadi chini ya nanomoli 5 kwa miezi sita, ama aache. Kumpa dawa mtu asiyeumwa ni jambo zito mno.

Kwa mwalimu, dalili za kweli ni za kitabibu. Binti amefika miaka 15 hajapata hedhi, au ana uvimbe kwenye kinena unaodhaniwa ngiri tu: zungumza na mamake faraghani, aende kwa daktari wa homoni. Usimvue nguo, usimtaje mbele ya timu. Mashehe wetu wanamjua huntha, yaani aliyezaliwa na maumbile ya jinsia yasiyo wazi, katika milango ya mirathi na sala, na Sheria ya Watoto ya 2022 inamtambua. Majibu yakitoka ni yake na wazazi wake. Hayaingii kwenye faili la michezo.