Mradi wa karata za Elizabeth: posa imepata kanuni zake

Kwa waliojiunga karibuni: natengeneza mchezo wa karata kuhusu siasa za nje za Malkia Elizabeth I wa Uingereza. Wachezaji ni washauri wake, Burghley, Walsingham, Leicester na wengine, kila mmoja akimvutia malkia upande wake. Karata nazikata kwenye maboksi ya viatu. Hazina kwa sasa ni kunde kavu kwenye bakuli.

Kazi kubwa safari hii ilikuwa kuwazuia watu wasikimbilie vita. Mezani vita vinanoga, ila Elizabeth hakuwa na hela. Mapato yake ya kawaida hayakufika pauni 300,000 kwa mwaka, na alipoingia madarakani Novemba 1558 alikuta madeni, huku Calais, bandari ya Waingereza kule Ufaransa, ikiwa imeshatwaliwa na Wafaransa mwezi Januari. Philip II wa Hispania alikuwa akiletewa fedha kutoka Amerika kwa meli. Kwa hiyo bakuli la Mwingereza naliweka na kunde chache makusudi, halafu nampa kitu ambacho Philip hana: malkia asiyeolewa.

Karata ya Posa inafanya kazi hivi. Ikiwa mkononi mwako, Ufaransa haiwezi kukushambulia. Ukiishusha, yaani malkia akaolewa, unapata mshirika mmoja na milango mingine yote inafungwa. Lakini huruhusiwi kuikalia kimya. Kila zamu uongeze kitu: barua, zawadi, kikao na mshenga. Ukikosa cha kuongeza, posa imevunjika na Wafaransa wamenuna.

Nimeiiga kwa Duke wa Anjou, mdogo wake mfalme wa Ufaransa. Mshenga wake, Jean de Simier, alifika Januari 1579. Agosti duke akaja mwenyewe. Novemba 1581, mbele ya watu kwenye kasri la Whitehall, Elizabeth akambusu na kumpa pete. Yeye ana miaka 48, bwana ana 26. Haukupita muda akarudi nyuma, na Februari 1582 duke akaondoka bila mke, ila na ahadi ya pesa za kwenda kupigana na Wahispania kule Uholanzi. Kama alimpenda kweli au la, wanahistoria wabishane. Kwa hesabu za kunde ni ushindi mtamu: Mfaransa anatoa jasho, wewe unachangia.

Ila posa hufa na mposaji. Anjou alifariki Juni 1584, mwezi uliofuata William wa Orange, kiongozi wa Waholanzi walioasi Hispania, akapigwa risasi na kuuawa mjini Delft, na Agosti 1585 Antwerp ikaangukia mikononi mwa Wahispania. Hapo mchezo unageuka. Karata ya Mkataba wa Nonsuch, ule wa kuwasaidia Waholanzi, inashuka yenyewe, utake usitake: unapeleka askari zaidi ya 7,000, kunde zinatoka kila zamu, na unashika miji ya Vlissingen na Brielle kama rehani. Nikaongeza karata ya Leicester, ninayoipenda kuliko zote. Malkia alikuwa amekataa kuwa mtawala wa Waholanzi. Mwanzoni mwa 1586 Leicester akakubali cheo cha gavana mkuu bila ruhusa yake. Anayecheza Leicester anajipatia pointi mbili na wenzake wote wanapoteza moja. Jumamosi jamaa zangu waligombana mpaka chai ikapoa.

Fungu la Waislamu nalo limekamilika. Papa Pius V alimtenga Elizabeth na Kanisa Katoliki mwaka 1570, kwa hiyo marufuku ya Kanisa ya kuwauzia Waislamu zana za vita haikumtisha tena. Mfanyabiashara wa Kiingereza William Harborne alipata haki za biashara kwa Sultani Murad III wa Dola ya Ottoman (Uturuki) mwaka 1580, na mwaka 1600 Abd al-Wahid bin Masoud, balozi wa Ahmad al-Mansur wa Moroko, akaja London kuzungumzia vita vya pamoja dhidi ya Hispania. Picha aliyochorwa huko ipo mpaka leo: kilemba cheupe, upanga kiunoni, jicho kali. Nimeichora upya kwa kalamu nyeusi. Kilemba kimetoka vizuri, jicho bado.

Mmoja akauliza kama sisi tumo. Tumo, kwa karata moja: nahodha Mwingereza James Lancaster alitia nanga Zanzibar mwishoni mwa 1591, na Wareno wakawaambia wenyeji kwamba Waingereza wanakula watu. Karata hiyo inaitwa Uvumi, na Mreno anaicheza bure.

Zimebaki karata za amani, na naelekea kuzitoa kabisa. Elizabeth alifariki Machi 1603 vita na Hispania vikiendelea; aliyevimaliza ni mrithi wake, James I, mwaka 1604. Mchezo nitaufungia 1603, na atakayekuwa na kunde bakulini ndiye mshindi. Wiki hii nachora migongo ya karata, halafu natafuta mtu wa kuzichapa kwenye karatasi ngumu kwa bei ya kueleweka.