Nimerudi Bagamoyo, mama hayupo

Miaka tisa jamani. Nimeshuka stendi na mabegi yangu, kijana wa bajaji ananiuliza dada unaelekea wapi, mdomo ukataka kusema "kwa mama" kama zamani, nikameza mate nikasema nipeleke Misheni.

Mama alifariki 2021 niko Uingereza, makaratasi yangu hayajakamilika, nikitoka sirudi tena, na wadogo zangu ada zao zilikuwa zinanitegemea mimi. Mazishi nikayaona kwenye simu, kaka kaishika mkono unamtetemeka, mara naona mchanga mara naona viatu vya watu, padri anasema raha ya milele umpe ee Bwana, mtandao ukakata palepale kwenye "umpe". Sikuweza kumalizia. Na toka siku ile sikusali tena, sio kwamba nilimkana Mungu hapana, nilimnunia, kama unavyomnunia mtu wa ndani ambaye unajua kabisa anakusikia.

Sasa nimefika nyumbani, rozari ya mama bado iko kwenye msumari wake juu ya kitanda. Ni ya mbao, imeng'aa kwa kushikwashikwa, na sehemu moja imeungwa na mshipi wa kuvulia samaki, vifundo viwili vidogo. Kumbe ilimkatikia, akampelekea babu jirani yetu, mvuvi, mtu wa msikitini swala tano. Nikaenda kumsalimia. Shikamoo babu, marahaba mwanangu, pole sana. Akaniambia, "Nilimwambia mama yako mshipi huu unavuta kolekole, rozari yako hautaishindwa." Akina mama wa jumuiya ndio wakaniongezea kwamba kumi ile yenye vifundo, yaani zile Salamu Maria kumi za sehemu hiyo ya rozari, alikuwa ananiombea mimi kila jioni. Nililia siku hiyo, tena kwa sauti, mlango wazi.

Jumapili nikaenda misa, baada ya misa nikatembea peke yangu chini ya ile miembe ya Misheni. Watu waliokulia pale hatuangalii tena, tumezoea. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika 1868, nenda makaburini kwao usome umri, wengi walikufa bado vijana, malaria na homa. Na ile groto, pango la mawe la Bikira Maria, ilijengwa na watu waliokombolewa utumwani, 1876. Nilisimama pale muda mrefu sana. Hawa watu walipoteza mama, kijiji, wengine hata jina la kwao hawakulipata tena, halafu wakabeba mawe kumjengea Mama wa Yesu mahali pa kukaa. Utotoni tulikuwa tunapita tu kwenda kuokota maembe. Hata mwili wa Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi Mskoti, ulilala pale kwenye mnara wa kanisa Februari 1874, watumishi wake Susi na Chuma na wenzao waliubeba miezi mingi kwa miguu kutoka kule ambako sasa ni Zambia ili akazikwe kwao, na mimi mwenye ndege nimeshindwa kumfikia mama yangu. Hilo liliniuma, sitaficha.

Jioni nikafungua Biblia ya mama, Yohana 11. Martha anamwambia Yesu, "Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa." Jamani si ndio neno langu lile! Mimi miaka yote nimelifungia kifuani nikidhani kumwambia Mungu hivyo ni utovu wa adabu, kumbe Martha alimwambia usoni na wala hakukaripiwa. Halafu Yesu anajua kabisa kwamba dakika chache mbele Lazaro anatoka kaburini, na bado akalia machozi. Matumaini yangu mimi yameanzia hapo, sio kwenye zile "usilie, ni mapenzi ya Mungu" nilizotumiwa na watu wenye nia njema. Naamini nitamwona mama, naamini kwa moyo wote, na bado nikisikia harufu ya kanga zake kwenye sanduku magoti yanalegea. Vyote viwili vinakaa ndani yangu.

Jana asubuhi nikaenda kaburini na rozari yake. Nikapiga magoti mchangani, kwanza nikamwambia Mungu yote niliyomnunia, hata yale mabaya. Kisha nikashika vile vifundo, nikaanzia pale mtandao ulipokatikia. Umpe ee Bwana, na mwanga wa milele umwangazie. Apumzike kwa amani. Amina.